Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeona kilichofichika mezani

WAKAZI wa Mautuma, katika eneobunge la Lugari, Kaunti ya Kakamega, wanaujua muwa tangu utotoni. Mtoto akipewa kipande hukimenya kwa meno, hukitafuna taratibu, hufyonza maji yake na kutema makapi. Kipande kimoja humshughulisha kwa muda mrefu, na taya zikichoka huacha mwenyewe bila kukatazwa na mtu.

Sukari inayotolewa katika muwa huo huo, ikishapita kiwandani, haimchoshi mtu taya. Huingia katika soda, mkate, mandazi, biskuti, juisi za chupa, mtindi wenye ladha ya matunda na hata sosi ya nyanya. Mlaji huimeza asijue amekula kiasi gani, na mara nyingine asijue kabisa kwamba amekula sukari.

Tofauti hiyo baina ya muwa na sukari iliyojificha ndani ya chakula ni mojawapo ya mambo yaliyomshughulisha Dkt Denis Parsons Burkitt katika nusu ya pili ya maisha yake. Jina lake linafahamika sana katika hospitali za Uganda na magharibi mwa Kenya kwa sababu ya saratani ya watoto inayoitwa kwa jina hilo. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba daktari huyo alirudi Ulaya akiwa na swali alilolitoa Afrika Mashariki: kwa nini magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu mno miongoni mwa wanavijiji waliokula wimbi, viazi vitamu na maharagwe?

Mtoto wa mpima ramani

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 karibu na mji wa Enniskillen, katika eneo ambalo sasa ni Ireland Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi na mpima wa wilaya ya Fermanagh. Mzee huyo alipenda sana ndege. Aliwavisha pete za chuma miguuni ndege wadogo waliozunguka nyumba yake, kisha akachora ramani kuonyesha kila mmoja alimiliki eneo gani. Kazi hiyo ilimpa heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege, na bila shaka ilimfunza mwanawe kwamba ramani yaweza kufichua jambo ambalo macho matupu hayalioni.

Macho yenyewe kwa Burkitt yalikuwa mtihani. Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake lilivunja miwani yake na vipande vya kioo vikamwingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake aliutazama ulimwengu kwa jicho moja.

Alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, akifuata nyayo za baba yake. Huko akashika sana dini ya Kikristo na kuamini kwamba ameitwa kutibu wagonjwa. Aliacha uhandisi, akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alipata sifa za kuwa daktari mpasuaji mjini Edinburgh.

Afrika haikuwa jina geni nyumbani kwao. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri mjini Nairobi tangu mwaka 1911, akijulikana kwa ukali wake na kwa tiba yake ya maji baridi kwa wagonjwa wenye homa. Denis alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza, alikataliwa kwanza kwa sababu ya jicho lake. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia njia. Akiwa daktari wa jeshi alihudumu Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na vita vilipokwisha alituma maombi tena. Safari hii akakubaliwa.

Lira na Mulago

Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kuhudumia wilaya yenye watu wengi na hospitali ndogo. Huko ndiko alikoanza kutumia urithi wa baba yake. Aligundua kwamba ugonjwa wa busha ulikuwa mwingi mashariki mwa wilaya hiyo, ilhali upande wa magharibi wagonjwa walikuwa wachache. Alihesabu, akachora ramani na kuchapisha matokeo. Swali lake halikuwa tu ugonjwa ni nini. Alitaka pia kujua uko wapi, na wapi haupo.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Hapo alikutana na Dkt Hugh Trowell, tabibu aliyefika Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Uganda. Trowell alikuwa na mazoea ya kuandika magonjwa aliyoyaona na yale ambayo hakuyaona. Katika mwaka huo wa 1929, daktari mwingine, C. P. Donnison, aliyehudumu Kavirondo Kusini katika Nyanza, alikuwa amechapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kupima shinikizo la damu la wakazi wapatao 1,000. Alikuta kwamba shinikizo hilo halikupanda kadiri watu walivyozeeka kama ilivyokuwa Ulaya. Baada ya umri wa miaka 40 lilielekea kushuka.

Trowell naye aliona mambo ya aina hiyo. Alifanya kazi kwa takriban miaka 30 Afrika Mashariki, na ni mwaka 1956 tu ambapo yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jambo lililokuwa adimu kiasi cha kustahili kuandikiwa makala katika jarida la kitabibu. Burkitt, katika chumba cha upasuaji, aliona vivyo hivyo. Kidole tumbo kilichovimba, mawe ya nyongo na magonjwa ya utumbo mpana, mambo yaliyokuwa kazi ya kila wiki kwa wapasuaji wa London, Mulago yalitokea kwa nadra sana miongoni mwa Waafrika.

Wakati huo, hata hivyo, hakuyatilia maanani sana. Kulikuwa na jambo jingine lililomvuta.

Uvimbe wa mataya

Mwaka 1957 Trowell alimwita atazame mtoto wa kiume aliyekuwa amevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Baada ya wiki chache, akiwa hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine akiwa na uvimbe wa namna ile ile. Alirudi Mulago akafungua majalada ya zamani na kukuta watoto wengi waliowahi kuandikiwa magonjwa tofauti tofauti, kumbe wote waliugua saratani moja.

Alichapisha makala mwaka 1958. Kisha akatuma maelfu ya kilomita kote Afrika vikaratasi vyenye picha, akiuliza hospitali za serikali na za misheni kama waliwahi kuona watoto wa aina hiyo. Fedha zake za kwanza za utafiti zilikuwa pauni 25 tu.

Majibu yalimpa mshipi mpana uliokatiza Afrika ya kitropiki, ukiwa na mkia uliochungulia kusini mashariki. Ili kujua mpaka wa mshipi huo, mnamo Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri kwa wiki 10, mwendo wa takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali zaidi ya 50 kuuliza swali lile lile.

Safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua. Ulipatikana kandokando ya Ziwa Viktoria na Pwani, ukapungua katika nyanda za juu zenye baridi. Baadaye wataalamu walihusisha mpaka huo na malaria. Wakati huo huo mwanasayansi wa Uingereza, Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubu London mwaka 1961, alianza kupelekewa kwa ndege vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, waligundua ndani yake kirusi ambacho ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Isitoshe, Burkitt mjini Kampala na Dkt Peter Clifford mjini Nairobi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba saratani hiyo huyeyuka kwa dawa. Watoto waliokuwa wakisubiri kufa walirudi makwao. Hadi leo hospitali za Kisumu na Kampala zingali zinawatibu watoto wa ugonjwa huo.

Kitabu cha nahodha

Burkitt aliondoka Uganda na kurudi Uingereza mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 55 na sifa tele. Angeweza kuishi kwa jina hilo moja mpaka mwisho. Lakini mwaka uliofuata, kupitia kwa mtafiti maarufu Richard Doll, alikutanishwa na mtu ambaye madaktari wengi walimpuuza.

Mtu huyo alikuwa Thomas Latimer Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa na cheo cha nahodha. Mwaka 1966, pamoja na Dkt G. D. Campbell wa Durban, Cleave alichapisha kitabu kilichodai kwamba kisukari, ugonjwa wa moyo, unene, kuoza kwa meno na maradhi mengine mengi ni matawi ya mti mmoja. Mzizi wa mti huo, kwa maoni yake, ulikuwa sukari na unga mweupe: vyakula ambavyo kiwanda kimevikoboa hadi vikabaki utamu na wanga mtupu.

Cleave hakusema kwamba utamu ni sumu. Hoja yake ilikuwa kwamba maumbile yameuweka utamu ndani ya nyuzinyuzi ili mtu asiweze kuula kupita kiasi. Ukiutoa humo, ulimi hauna tena kipimo. Campbell, aliyetibu wagonjwa wa kisukari mkoani Natal, alitoa mfano ambao mkulima yeyote wa Kakamega angeuelewa. Wakataji miwa wa huko walitafuna muwa kwa wingi wakiwa kazini, lakini walikuwa nadra kuugua kisukari. Waliohamia mjini na kuanza kula sukari ya dukani na mkate mweupe ndio waliofika kliniki yake, wengi wao baada ya takriban miaka 20 ya maisha ya mjini. Ni kweli pia kwamba mkataji miwa hufanya kazi ya sulubu kutwa nzima, na hilo nalo lina sehemu yake.

Burkitt alipousikiliza mtiririko huo wa hoja, alikumbuka Mulago. Orodha ya magonjwa ya Cleave ilikuwa orodha ya magonjwa ambayo yeye hakuyaona kwa karibu miaka 20 nchini Uganda. Alichokuwa nacho, na ambacho Cleave hakuwa nacho, ni mtandao wa hospitali. Aliwaandikia madaktari wa misheni wapatao 150 Afrika na Asia, akiwatumia fomu kila mwezi: wameona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo? Wa mawe ya nyongo? Wa mishipa ya miguu iliyovimba? Majibu yakaja, na ramani ikaanza kujichora tena. Palipokuwa na chakula cha shambani magonjwa hayo yalikuwa haba, na palipoingia chakula cha kiwandani yalifuata nyuma kama kivuli.

Kipimo kisicho na aibu

Katika uchunguzi wake Burkitt hakuona haya kutazama kile ambacho wengine waliona kinyaa. Yeye na wenzake waliwameza watu vijidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha wakahesabu muda uliopita mpaka vikatoka, na kupima uzito wa choo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 katika jarida la Lancet yalishangaza wengi. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilisafiri tumboni kwa takriban saa 36, na choo chao kwa siku kilikuwa na uzito wa karibu gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza safari hiyo ilichukua saa 83, na uzito ulikuwa gramu 104 tu. Burkitt alipiga picha za vinyesi na kuzionyesha katika mihadhara yake bila kupepesa jicho, na wasikilizaji walicheka kwanza kabla ya kuanza kufikiri.

Mwaka 1975 yeye na Trowell, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amekuwa kasisi, walihariri kitabu kikubwa kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa. Mwaka 1979 Burkitt aliandika kingine cha watu wa kawaida, akiwahimiza wasisahau nyuzinyuzi katika mlo wao. Kilisomwa katika nchi nyingi na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: watu wale nafaka isiyokobolewa, maharagwe, mboga na viazi, wapunguze sukari na mafuta.

Alipenda kuonyesha mchoro wa madaktari wawili wakipangusa sakafu kwa bidii huku mfereji ukiendelea kububujika maji juu ya karo. Maana yake haikuhitaji mkalimani. Hospitali zinapangusa, ilhali mfereji uko jikoni, dukani na kiwandani.

Nyuzinyuzi zafunika sukari

Hapa ndipo penye funzo gumu zaidi la maisha ya Burkitt. Ujumbe wa Cleave ulikuwa na pande mbili: kinachotolewa katika chakula na kinachobaki. Burkitt alishika zaidi upande wa kwanza, yaani nyuzinyuzi zinazotupwa. Upande wa pili, sukari inayobaki na kusambazwa kila mahali, ulishikwa na mtaalamu mwingine wa lishe mjini London, Profesa John Yudkin, aliyeandika mwaka 1972 kitabu kikali dhidi ya sukari.

Yudkin alipingwa vikali na sekta ya sukari pamoja na wanasayansi walioamini kwamba mafuta pekee ndiyo adui. Burkitt, kwa upande wake, alipendwa. Sababu haiko mbali. Anayesema kitu fulani kipunguzwe huwakasirisha wauzaji. Anayesema kitu fulani kiongezwe huwapa bidhaa mpya ya kuuza.

Ndivyo ilivyotokea. Pumba zilizokuwa chakula cha mifugo zikaingia katika maboksi ya nafaka. Mwaka 1984 kampuni ya Kellogg ya Marekani ilianza kutangaza nafaka yake ya pumba ikitumia ujumbe wa taasisi ya saratani ya nchi hiyo, na wenzake wakafuata. Katika maboksi mengi ya aina hiyo sukari ilitiwa pamoja na pumba ili ziweze kulika. Neno nyuzinyuzi likaandikwa kwa herufi kubwa mbele, nayo sukari ikabaki katika maandishi madogo nyuma. Sifa ya Burkitt ikawa pazia la kitu ambacho yeye mwenyewe alishauri kipunguzwe.

Aidha, baadhi ya matumaini yake hayakuthibitika kama alivyotarajia. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa Marekani mwaka 2000 yaliwapa watu nyuzinyuzi zaidi kwa miaka kadhaa, na vinundu vinavyoweza kuzaa saratani ya utumbo mpana vikaendelea kujitokeza kama kwa wale wasiopewa. Waliomkosoa walisema alilinganisha Afrika na Ulaya bila kuzingatia tofauti nyingine nyingi za maisha, na hapo walikuwa na haki. Ramani huonyesha mahali pa kutafuta, lakini haitoshi kuthibitisha sababu.

Hata hivyo, wakati umemtetea katika jambo kuu. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), uliojumlisha tafiti nyingi za miongo kadhaa. Waliokula nyuzinyuzi kwa wingi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 15 hadi 30 wa kufa mapema au kuugua magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana kuliko waliokula kidogo. Kiasi kilichoonekana kufaa kilikuwa angalau gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Kuhusu sukari, WHO ilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani ile inayoongezwa na ile iliyo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anaipata katika chakula chake kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni takriban gramu 50, na ingefaa zaidi kama ingekuwa gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. Soda nyingi huwa na karibu gramu 10 au 11 za sukari kwa kila mililita 100. Kwa hiyo chupa moja ya mililita 300 inakaribia vijiko vinane. Anayeinywa saa nne asubuhi amekwisha kuvuka kiwango hicho cha gramu 25, kabla ya kuhesabu chai, mandazi na mkate wa jioni.

Swali lililobaki Mautuma

Burkitt alitunukiwa heshima nyingi. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jopo la wanasayansi wakuu wa Uingereza. Pamoja na hayo aliishi maisha ya kiasi, akazunguka dunia akihutubu, na mara kwa mara alisema kwamba mengi aliyoyajua aliyajifunza kwa wagonjwa wa Afrika. Alifariki Machi 23, 1993, nchini Uingereza, baada ya kupata kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 82.

Laiti angefika leo katika wilaya alizozifahamu, angeona kwamba mpaka aliouchora umesogea. Kisukari na shinikizo la damu, magonjwa ambayo Donnison na Trowell waliyaona kwa nadra Nyanza na Kampala, sasa yana kliniki zake katika hospitali za kaunti. Kakamega yenyewe ni nchi ya sukari. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kile cha Kabras kikafuata mwaka 1981, na katika kaunti jirani ya Bungoma kiwanda cha Nzoia kilifunguliwa mwaka 1978. Miwa imelipa karo na kujenga nyumba, na hakuna mkulima wa kulaumiwa kwa kuipanda.

Lakini kinachofanyika kiwandani kinaeleza fundisho lote la Burkitt bila kuhitaji mhadhara. Muwa unaingia mzima. Makapi, ambayo ndiyo nyuzinyuzi, huchomwa kwenye tanuri kutoa mvuke. Katika kila tani 10 za miwa hutoka takriban tani moja ya sukari nyeupe au ya kahawia, isiyo na kitu cha kumzuia mlaji. Sukari hiyo hurudi Mautuma ikiwa imevaa nguo tofauti. Sehemu moja huja katika pakiti yenye jina lake, na mama wa nyumbani anaipima kwa kijiko. Nyingine huja ndani ya soda, biskuti na sosi, ambamo kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya nyanya chaweza kubeba karibu kijiko kimoja cha chai cha sukari. Kwenye lebo huitwa glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltosi au sirapu. Orodha ya viungo huanza na kile kilicho kingi zaidi, kwa hiyo jina lolote kati ya hayo likitokea mwanzoni, mnunuzi ameshapata jibu lake.

Upande wa pili wa mizani haujatoweka. Uji wa wimbi, unga wa mahindi uliosagwa bila kukobolewa katika kinu cha kijijini, maharagwe, viazi vitamu, nduma na mboga za kienyeji kama kunde na mrenda bado vinapandwa na kuliwa Lugari. Ndivyo vyakula vya aina ile ile vilivyomfanya daktari kutoka Ireland ajiulize kwa nini wodi zake hazikuwa na magonjwa aliyofundishwa chuoni. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba katika nyumba nyingi vyakula hivyo vimepewa jina la chakula cha maskini, na mgeni akija hununuliwa soda na mkate mweupe kwa heshima.

Waswahili walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Burkitt, kwa jicho lake moja, aliuona mbachao huo ukiwa bado haujakunjwa. Alichokifanya ni kuuliza magonjwa yako wapi na yapi hayapo, kisha akarudi jikoni kutafuta sababu. Mwenye macho mawili anayesimama mbele ya rafu ya duka Mautuma anaweza kuuliza swali hilo hilo kwa kugeuza pakiti na kusoma nyuma yake kabla ya kulipa.